Jioni ya Mwaanini

Kitui mjini,
Jumatano, saa saba mchana.

Kwako dada yangu Kalekye,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba uwe mahali ulipo peke yako. Ingia jikoni ujifanye unachochea moto, au zunguka nyuma ya ghala. Barua hii usiisome kwa sauti, usimpe mtu akusomee, na usiifiche chini ya godoro ambako watoto wako hupenda kupekua. Kila neno lililo humu libaki kwako hadi Jumamosi asubuhi. Baada ya hapo utakuwa huru kulitangaza hata kanisani.

Najua utashangaa kupata karatasi siku hizi. Lakini simu yako ni ya nyumba nzima, na ujumbe ukiingia mama mkwe wako husomewa kabla yako. Ndiyo maana barua hii nitampa binamu yetu Kasyoki, ambaye leo amekuja Kitui kuchukua mbegu za duka lake. Ameahidi kukukabidhi mkononi kesho, na hajui kilichomo. Alijaribu kuniuliza kama nimepata mchumba. Nilimwacha aamini hivyo.

Baada ya hayo, nakusalimu sana. Hamjambo nyote huko Mwaanini? Meno ya mtoto yametoka yote, au bado anawatoa usingizini? Mbaazi zimeshika maua? Na susu Kalunde, goti lake linamruhusu kufika kanisani bila kubebwa na pikipiki? Yeye ni nyanya wa mume wako na si wangu, lakini tangu siku aliyoniambia kwamba nimekonda kama mtu anayelipwa kwa kusoma, nimemhesabu kuwa susu yangu pia.

Mimi ni mzima. Nala vizuri, chumba changu hakivuji tena, na kazi naipenda kuliko nilivyowahi kukuambia. Nakuambia haya mapema ili ujue siandiki kwa huzuni. Ninaandika nikiwa na hofu, ndiyo, lakini wewe unanijua. Tangu utotoni nilikuwa nikirudi mara tatu kuangalia kama mlango wa mbuzi umefungwa. Leo hofu yangu ni ndogo kuliko ilivyokuwa jana, na nikimaliza barua hii nadhani itakuwa ndogo zaidi. Ninachotaka kukueleza kinahusu lile shimo mnalochimba.

Kazi yangu unaijua nusunusu. Wewe huwaambia watu kwamba mdogo wako ni karani wa picha, nao hufikiri nawapiga watu picha za pasipoti. Bwana Kitonga, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikusanya katika nyumba yake vioo vya picha vya zamani sana, mia mbili na kumi na nne, vilivyokuwa vimesahauliwa katika stoo ya kanisa moja. Kabla ya filamu, na muda mrefu kabla ya simu, picha ilikaa juu ya kipande cha kioo kilichopakwa dawa upande mmoja. Upande wa dawa hauna mng'aro, ni kama uso usiopakwa mafuta. Upande wa pili unang'aa. Mimi nalaza kioo juu ya meza yenye taa ndani yake, nakipiga picha upya kwa kamera inayoning'inia juu, naiingiza picha kwenye kompyuta, kisha naandika kibandiko: ni mahali gani, kuna nini, hali yake ikoje.

Vioo hivyo ni vya mzungu mmoja aliyepita milima yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita akiwa na kamera ya sanduku na miguu yake mitatu. Jina lake halikuandikwa popote. Bwana Kitonga amejifunza kumjua kwa kazi yake. Anasema wapiga picha wa wakati ule walijifunza kutazama ardhi kutoka kwa wachoraji, kwa hiyo hawakupiga tu kilichokuwa mbele yao. Walingoja. Mtu angeweza kukaa juu ya jiwe siku mbili akingoja wingu. Njia inayopotelea kilimani ilikuwa ni maisha ya binadamu, mti ulio peke yake ulikuwa upweke, na ukungu ulifunika vile visivyopendeza ili moyo wa mtazamaji ujaze wenyewe. Mwanzoni nilidhani ni maneno ya mwalimu aliyekosa wanafunzi. Baada ya miezi minane nikitazama vioo vile, nikawa naamini. Kuna picha ya mto mkavu ambayo sijawahi kumaliza kuitazama bila kutaka kunywa maji.

Tena kulikuwa na jambo moja lililonikaa akilini. Kamera ile ilihitaji muda, pengine sekunde kadhaa, ili picha iingie. Mti ulitulia, ukabaki. Mwamba ulitulia, ukabaki. Lakini mwanamke aliyekuwa akipita na mtungi wake alionekana kama moshi, au hakuonekana kabisa. Ndiyo sababu nchi yetu katika vioo vile inaonekana haina watu. Bwana Kitonga hupenda kusema kwamba aliyetulia alibaki na aliyekuwa na kazi alifutika.

Sasa, picha yenu. Huna haja ya kuelezwa, kwani siku ya maonyesho yetu ilikaa mbele yenu kutwa katika ukumbi wa kanisa pale Kikima, lakini nataka uione tena jinsi sote tulivyoiona. Mpiga picha amesimama chini ya bonde la Mwaanini akitazama kaskazini. Mbele kabisa kuna kile kilima chenu kilichokaa kama sufuria iliyopinduliwa, pande zake zote mbili sawa, na miguu yake imezama ndani ya ukungu. Kushoto, upande wenu wa ukoo wa Kaloki, kuna mkuyu mmoja mkubwa. Mwanga unatoka nyuma ya mkuyu huo na kulala juu ya bonde. Kwenye tawi umening'inia mzinga wa nyuki wenye alama. Chini ya mti kuna kitu kinachong'aa kama kipande cha bati, na kando yake doa jeupe lililoinama.

Mimi ndiye niliyeipa jina. Kwa kuwa bonde linatazama kaskazini na mwanga unatoka kushoto, nilihesabu kwa uangalifu kwamba jua lilikuwa magharibi, nikaandika: Jioni ya Mwaanini. Bwana Kitonga alilipenda jina hilo mno. Unakumbuka hotuba yake. Alisimama na kijiti chake akaeleza kwamba jua lile linalozama ni mwisho wa zama, kwamba mpiga picha aliona ulimwengu wa babu zetu ukifunga milango, na kwamba mkuyu ule ni mzee anayeaga. Nusu ya ukumbi ilikuwa ikifuta macho. Hata yule kinyozi wa sokoni, aliyeingia kujikinga na mvua, alilia.

Kisha mama mkwe wako akasimama na kusema kwamba kile kinachong'aa si bati, ni maji. Ni kile kisima kilichopotea, ambacho wazazi wa kila mtu walikitaja na hakuna aliyejua tena kilikuwa wapi. Mtu akaomba picha ikuzwe, na mimi nikaikuza kwa mikono yangu. Alama ya mzinga ikaonekana wazi: mstari uliosimama wenye tawi moja lililoinamia kushoto. Alama ya watu wa Kaloki. Watu wa Muli, ng'ambo ya bonde, huchonga mstari huohuo na tawi likiinamia kulia, kwa sababu walikuwa ndugu waliogawana mizinga. Hapo hakukuwa na swali tena. Asiyekuwa na mti hatundiki mzinga juu yake, na aliyekuwa na mti alikuwa na kisima.

Unakumbuka kejeli za Mzee Muli pale mlangoni. Aliwaambia kwamba kama kisima chenu kiko kwenye karatasi, basi kunyweni karatasi. Mama mkwe wako akamjibu kwamba siku maji yatakapotoka, mitungi ya Muli itakaribishwa, ila itapanga foleni nyuma ya punda. Nilicheka hadi nikaumwa na mbavu. Nilicheka zaidi ya wote, na sababu yake nitakueleza.

Wiki iliyofuata mwethya wa wanawake, kikundi chenu cha kusaidiana kazi, ukaanza kuchimba, kila Jumanne na kila Jumamosi, kila nyumba ikitoa mikono yake kama kawaida, kwa maombi na nyimbo. Mmechimba wiki tano. Kila uliponiandikia nilifurahi: mmefika kiunoni, mmefika kichwani, mmeweka ngazi, udongo umebadilika rangi.

Jumamosi ya juma kabla ya lililopita nilikuja kuwatembelea nikiwa na ile picha ndani ya fremu. Unakumbuka ilivyokuwa. Tulikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, watu wa mwethya wametapakaa uani na matope yao, na picha ikapitishwa mkono kwa mkono hadi ikamfikia susu Kalunde. Aliishika karibu na pua. Akauliza ule ukungu unafanya nini pale jioni. Mume wako akamwambia kwamba ni wa kupendeza tu. Susu akasema amekaa kwenye bonde hili miaka tisini na ukungu hulala chini asubuhi peke yake, jioni hapana, jioni bonde ni kavu na lina vumbi la mbuzi wanaorudi. Tena yule aliyeinama majini, akasema, ni mwanamke, na wanawake walikuwa wakichota kabla jua halijakausha majani. Hii ni asubuhi. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, jua limeanza lini kuchomoza nyuma ya nyumba yetu.

Watu walicheka. Mama mkwe wako akasema susu apelekwe akapimwe macho. Wewe ulicheka pia, huku ukimpa chai. Mimi tu ndiye sikucheka, na uliniuliza kama chakula kimenikataa. Nilikuambia ni pilipili. Muthokoi ule haukuwa na pilipili, dada.

Sasa nafika mahali ambapo mkono unataka kusimama.

Jumatatu iliyofuata asubuhi niliwahi ofisini kabla ya Bwana Kitonga, nikatoa kioo cha Mwaanini kwenye sanduku lake, nikakishika mbele ya dirisha. Kanuni yetu ya kwanza, aliyonifundisha siku ya kwanza, ni kwamba upande wa dawa hutazama chini, kwenye meza, na upande unaong'aa hutazama kamera. Ukikosea hilo picha inatoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto, kama unavyojiona kwenye kioo cha kuchania nywele. Vioo mia mbili na kumi na tatu nilivilaza hivyo. Hiki kimoja kilikuwa kinabambuka dawa kwenye pembe. Niliogopa kwamba nikikilaza upande huo chini, kipande kitabanduka, na miaka mia moja ya mtu iharibiwe na kidole changu. Kwa hiyo nilikigeuza, dawa juu, nikakipiga picha hivyo, nikijiambia kwamba nitaigeuza picha kwenye kompyuta baada ya dakika moja. Stima ikapotea. Iliporudi alasiri nilikuwa kwenye kioo kingine.

Kosa lenyewe ni hilo tu. Nilikosea kwa sababu nilikuwa mwangalifu.

Pale dirishani nikakiona kioo jinsi kilivyopaswa kuonekana. Mkuyu uko kulia. Maji yako kulia, upande wa Muli. Tawi la alama ya mzinga linainamia kulia. Jua liko mashariki, na susu Kalunde macho yake ni mazima kutushinda sote. Mnachimba mwamba mahali ambapo hapajawahi kuwa na kisima.

Hilo nilijua Jumatatu. Jumanne mkachimba. Jumamosi mkachimba. Jana mkachimba tena. Siku zote hizo mimi nilikuwa najua, nami nilinyamaza.

Ungedhani nilinyamaza kwa ajili ya kazi, kwa kuwa mkataba wangu unaisha mwezi huu na Bwana Kitonga alikuwa bado hajasema kama ataniongeza. Hilo lilikuwepo, sikatai. Lakini la ndani zaidi ni hili. Siku ile ukumbini, picha ilipokuzwa na alama ikaonekana kuwa ya kwenu, nilikuona wewe. Ulikuwa umesimama nyuma na mtoto mgongoni, na uso wako ulifunguka. Tangu uolewe unashuka kwa maji na kupanda nayo, na kila nikija naona shingo yako imekuwa ngumu zaidi. Nikawaza, kisima kiko chini ya mlango wa Kalekye, na ni mimi niliyekileta. Nilifurahi mno hata sikutaka kuitazama picha tena. Kulikuwa na kitu kilichonikwaruza hata siku ile. Ule ukungu niliuona. Mtu aliyekuwa akirudi mara tatu kwenye mlango wa mbuzi, safari hii hakurudi hata mara moja. Ndiyo maana nilicheka kuliko wote Mzee Muli alipotaniwa.

Jana jioni uliniandikia kwamba mmefikia jiwe tupu, kwamba mama mkwe wako amepasuka kiganja kwa sururu, na kwamba wengine walipotaka kuacha yeye alifunga kitambaa mkononi akawaambia picha haidanganyi. Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Leo asubuhi nikamwambia Bwana Kitonga.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu. Alikichukua kioo, akaenda nacho dirishani, akakigeuza huku na huku, nami nikaanza kukusanya kalamu zangu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Akasema amezunguka Ukambani miezi miwili akiwaliza watu kwa jua linalozama, na kumbe lilikuwa linachomoza. Akasema yule mzungu alishuka bondeni gizani, akangoja ukungu na mwanga wa kwanza, akapiga picha ya mwanzo wa siku na wanawake wake wakichota maji, na sisi wawili tukamfanyia mazishi. Hapo akaacha kucheka. Akaniambia kwamba kosa la kioo angelisamehe bila kukohoa, ila zile siku nane si zake kusamehe. Ni za waliochimba, nami niende kwao. Kuhusu mkataba, alisema niandike kwanza kibandiko kipya kwa mkono wangu, kisha tutaongea, na kwamba yeye hana karani mwingine anayeogopa vioo ipasavyo. Naye atakuja Jumamosi, kwa sababu hotuba ile ilikuwa yake.

Kibandiko nimeshakiandika. Asubuhi ya Mwaanini. Picha iliyogeuzwa vizuri iko hapa mezani ninapoandika, na ninakiri inanifurahisha kuliko ile ya kwanza. Hakuna kilichobadilika, mkuyu ni uleule na ukungu ni uleule, lakini mti hauagi tena mtu yeyote. Umesimama mbele ya mwanga kama mtu aliyeamka mapema. Na lile doa jeupe sasa nalitazama kama jirani. Alikuwa na kazi, hakuweza kutulia, akakaribia kufutika, na bado ndiye aliyetuonyesha maji yaliko.

Sijui kama maji bado yapo. Mkuyu haupo tena, na miaka ni mingi. Sijui Mzee Muli atasema nini. Pengine atakumbuka ile foleni ya nyuma ya punda. Sijui kama mama mkwe wako atakubali kukanyaga upande ule na kitambaa mkononi, wala kama wewe utanisalimu. Najua tu kwamba mwethya haukutani tena hadi Jumamosi, kwa hiyo siri yangu haitamtoa mtu jasho bure hadi wakati huo. Naomba wasikie kutoka kinywani mwangu, si kutoka kwenye simu. Ni hilo tu ninalokuomba unitunzie.

Nisalimie mume wako na watoto. Msalimie mama mkwe wako, na umpake mafuta ya nazi kiganjani bila kumwambia ni kwa ombi la nani. Kwa susu Kalunde usiseme chochote, ila umwongeze sukari kwenye chai. Atajua kuna jambo, na atanyamaza, kwa sababu anapenda kungoja.

Ukitaka kunipata kabla ya Jumamosi, usipige simu ya ofisi. Andika jibu, hata liwe neno moja la hasira, umpe Kasyoki dukani kwake, nyuma ya soko la Kikima. Ijumaa nitafika kwake alasiri na nitalala hapo, nami nitalisoma. Jumamosi nitaondoka kwake kukianza kupambazuka, nipite kwa Mzee Muli kumwomba ruhusa kabla ya kugusa ardhi yake, nikiwa nimebeba jembe langu mwenyewe. Wewe njoo na wenzako kwa saa yenu ya kawaida. Mkifika ukingoni msishuke kwenye shimo. Tazameni ng'ambo, kunakotoka jua. Ukungu ukiwa umelala hamtaniona vizuri, lakini nitakuwa huko chini, nimeinama.

Ni mimi mdogo wako,
Katunge